Nataka kuomba nipunguziwe kodi, lakini mama mwenye nyumba ametutendea mema

Shikamoo mama,

Mimi ni baba wa watoto wawili. Naishi na mke wangu na watoto katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, na tuna miaka sita hapa. Mtoto wetu wa pili amezaliwa tukiwa hapa hapa, na mkubwa anakwenda shule kwa miguu. Hatukuwahi kufikiria kuhama.

Kinachonisumbua ni kodi. Kazini kwetu walipunguza saa za kazi kwa wengi wetu, na mapato ya nyumba nzima yakashuka kwa robo. Tuliambiwa ni kwa muda, ila hakuna bosi anayethubutu kutaja muda huo utaisha lini. Zamani kodi ilikuwa inachukua theluthi ya tunachopata. Sasa inakaribia nusu. Sijawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja, lakini miezi ya karibuni nimekuwa nikikopa kwa wenzangu ili nifikishe, na deni lenyewe limeanza kunikosesha usingizi.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, anaishi uani kwetu. Nyumba ameigawa sehemu nne na sisi wapangaji wake ndio riziki yake. Mara nyingi hutuambia kwamba kodi hizi ndizo pensheni yake. Na ni mtu mwema kweli. Mke wangu alipojifungua, yule mama ndiye aliyekaa na mtoto wetu mkubwa usiku kucha. Nikiugua hutuma mtu aje kunijulia hali. Sasa nifikirie nikimgongea mlango na kumwambia, mama, naomba unipunguzie kodi. Naona kama nitakuwa nimemtukana.

Kuna jambo jingine. Sehemu iliyo mkabala na yetu ilikaa tupu kwa muda, halafu akaingia mpangaji mpya. Vyumba vyake ni sawasawa na vyetu. Siku moja tukizungumza akanitajia kodi anayolipa, na ni pungufu ya yangu kwa kama asilimia 15. Papo hapo akanisihi nisimwambie mtu, maana mama alimwomba iwe siri. Tangu siku hiyo nina kinyongo ambacho sikipendi. Sisi wa miaka sita tunalipa zaidi ya mgeni?

Tena ukuta wa bafu letu una unyevu unaopanda kutoka chini, rangi inabanduka na kuna harufu ya ukungu. Nilimweleza mama, akasema atamtafuta fundi, na mpaka leo hajaja.

Shemeji yangu anasema dawa ni kuacha kulipa mpaka bafu litengenezwe, au nimtishie mama kwamba tunahama, atashusha mwenyewe. Mke wangu anasema niende nikaseme ukweli wote, kwamba mficha uchi hazai, na mama akikataa basi tutafute nyumba ndogo zaidi. Mimi nimekwama katikati. Isitoshe, mtoto wa kiume wa huyu mama, anayeishi mji mwingine, ameanza kuja mara kwa mara na kukagua daftari la kodi. Tunasikia ndiye atakayesimamia nyumba hivi karibuni. Mkataba wetu unaisha miezi mitatu ijayo.

Je, ni haki kumwomba mtu kama huyu? Na hiyo siri ya jirani, niitumie au niimeze?

Mpangaji mwenye mashaka

*

Marahaba, mwanangu.

Nimefurahi kwamba umeandika ukiwa bado hudaiwi kodi ya mwezi hata mmoja. Wengi huniandikia wakiwa tayari wameshikishwa notisi, na wakati huo kinachozungumzwa si kodi tena, ni deni. Wewe bado una nafasi ya kuchagua maneno yako, na una miezi mitatu ya kuyapanga.

Kama nimekuelewa, mapato yenu yamepungua bila kosa lenu, umegundua kwamba nyumba kama yako inapangishwa kwa bei ndogo, bafu lina unyevu, na juu ya yote hayo kuna wema wa mama unaokufunga ulimi. Moyoni mwako mambo haya yamekuwa kitu kimoja, ndiyo maana yanakulemea. Lakini yatazame tena. Mapato kupungua ni sababu ya kuomba nafuu ya muda. Bei ya soko ni sababu ya kuomba kodi mpya wakati wa kuandika mkataba mpya. Bafu ni sababu ya kuomba fundi. Ukienda kwa mama na yote matatu kwa pumzi moja, atajibu lile lililo rahisi kwake. Atakwambia, “Fundi nitamleta wiki ijayo,” na wewe utarudi nyumbani ukiwa na ahadi ya fundi na kodi ile ile.

Naanza na wema, maana naona ndio uliokufanya uandike. Unasema ukimwomba punguzo utakuwa umemtukana. Sina hakika. Mtukanaji hudai kama haki asichostahili, au hudharau mali ya mwenziwe. Wewe unataka kumweleza mtu hali yako kabla haijamfika yeye. Na katika miaka hiyo sita hukuwa unapokea tu. Umelipa kila mwezi kwa wakati, umetunza nyumba, hukumpeleka mtu kwa mjumbe wala kwa wakili. Kwa mjane ambaye pensheni yake ni kodi, mpangaji wa namna hiyo ni jambo kubwa, na naamini analijua hata kama hajalitamka.

Fikiria pia upande huu. Ukiendelea kunyamaza na kukopa, siku moja wakopeshaji watachoka. Mwezi huo utampelekea mama nusu ya kodi bila maelezo, au hutampelekea kabisa. Je, hapo utakuwa umemlinda? Mtu anayeishi kwa kodi anahitaji kujua mapema kuliko mtu yeyote kwamba mpango wake wa mwezi unaweza kuyumba.

Lakini nikugeuzie na upande wa pili, kwa sababu nimeona wapangaji wengi wakiuruka. Wema wa mama si ushahidi wa uwezo wake. Hujui kama nyumba ina mkopo wa benki. Hujui analipa kiasi gani cha kodi ya ardhi na majengo, bima au matengenezo, wala kama yule mtoto wake anamtegemea au anamsaidia. Anaweza kutamani kukupunguzia na asiweze. Akisema hapana, usiharakishe kuona kwamba upendo umekwisha.

Sasa siri ya jirani. Uliombwa uitunze, na aliyekuomba ataendelea kuishi mkabala nawe na kukutana na mama huyo huyo uani. Ukimtaja, mama atajua mara moja ni nani aliyesema, mazungumzo yatahama kutoka kwenye hali yako na kuwa kesi ya uaminifu wa mtu mwingine, na wewe utakuwa umempoteza jirani hata ukipata punguzo. Upo uwezekano kwamba angeshtuka na kukusawazishia papo hapo. Upo pia uwezekano kwamba angejisikia amefumaniwa na akajifunga. Sijui ni upi ungetokea, na wewe unamjua mama kuliko mimi.

Ninachokuomba ni kukitazama upya hicho kinyongo. Umechukua kodi ya mgeni kuwa kipimo cha heshima, kwamba yeye amethaminiwa na ninyi mmepuuzwa. Inawezekana haihusiani na heshima hata kidogo. Umesema mwenyewe ile sehemu ilikaa tupu. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja katika mwaka, mwenye nyumba amepoteza sehemu moja ya kumi na mbili ya mapato ya mwaka, yaani zaidi kidogo ya asilimia 8. Ikikaa miezi miwili, ni karibu asilimia 17. Na bado hajapaka rangi, hajampa dalali chake. Kwa hiyo mama alipokubali kumshushia mgeni asilimia 15, huenda alikuwa amepiga hesabu kwamba ni bora hivyo kuliko mwezi mwingine wa vyumba vitupu. Mgeni alipata bei ya siku aliyoingia. Ninyi mnalipa bei ya siku mliyoingia, pamoja na nyongeza kama zipo.

Hesabu hiyo inakufaa kuliko siri. Mama ameshaonja gharama ya nyumba tupu, tena hivi karibuni, uani kwake mwenyewe. Huhitaji kumtaja mtu. Unaweza kwenda kuulizia kodi za nyumba za vyumba viwili maeneo ya karibu, kwa madalali na kwa matangazo, kisha ukamwambia ukweli kwamba umeulizia na umeona zinapangishwaje. Ila uulizie kweli. Usitumie maneno hayo kuificha kauli ya jirani, kwa sababu akikuuliza ni nyumba zipi, utababaika. Na ujue kwamba bei iliyo kwenye tangazo ni bei ya kuanzia mazungumzo, mara nyingi watu hukubaliana chini yake. Linganisha na vitu vingine pia: maji yamo ndani ya kodi au nje, umeme una mita ya peke yake au mnachangia, shule ni mwendo gani.

Kabla ya yote hayo kuna namba ambayo barua yako haina. Unahitaji kodi ishuke kwa kiasi gani ili uache kukopa? Umesema ilikuwa theluthi ya mapato na mapato yameshuka robo. Maana yake sasa inachukua kama asilimia 44. Ili irudi kuwa theluthi, kodi nayo ingepaswa kushuka robo nzima. Hata ukipewa bei ya jirani, yaani asilimia 15 pungufu, bado itakula karibu asilimia 38 ya mapato yenu. Itakuwa nafuu, lakini pengo halitaziba lote. Kaeni wewe na mke wako, mwandike matumizi yote na yale madeni ya wenzako, mpate namba mbili. Ya kwanza ni kodi ambayo mkiipata mtapumua. Ya pili ni ile ambayo ikizidi hapo, kubaki hakuna maana hata mama akikukumbatia. Ukienda bila namba hizo, utakubali chochote utakachopewa kwa furaha ya kutofukuzwa, kisha mwezi wa pili utakuwa unakopa tena.

Na kama namba ya kwanza ni ndogo kiasi kwamba hakuna mwenye nyumba angeikubali, basi mazungumzo yako na mama ni mengine kabisa. Hapo utakuwa unaomba kuondoka vizuri: lini utoe notisi, amana itarudishwaje, kama anaweza kukusogezea wiki chache ukitafuta pengine. Hilo nalo ni jambo la kujadiliana, na watu husahau.

Shemeji yako nadhani anakupenda na amekasirika kwa niaba yako. Hata hivyo, ushauri wake wa kuacha kulipa unanipa hofu. Ni kweli zipo nchi ambako ubovu wa nyumba unashusha kodi kisheria. Ujerumani, kwa mfano, kifungu cha 536 cha sheria yao ya madai kinasema kodi inapungua pale kasoro inapoathiri matumizi ya nyumba kwa kiasi cha maana. Lakini hata huko mpangaji anatakiwa kumtaarifu mwenye nyumba kuhusu kasoro hiyo, na asipofanya hivyo anaweza kuipoteza haki hiyo. Kwingine kwingi, kuzuia kodi kwa uamuzi wako mwenyewe ni kuvunja mkataba, haijalishi ukuta umelowa kiasi gani. Utaanza ukiwa mlalamikaji na kumaliza ukiwa mdaiwa. Kama unafikiria njia hiyo hata kidogo, soma mkataba wako na umwone mtu anayejua sheria za upangaji za huko uliko kabla ya kuzuia hata senti.

Kuhusu bafu lenyewe, mwandikie mama. Ujumbe mfupi wenye tarehe na picha, kwa lugha ya adabu, ukimkumbusha mama kwamba mlizungumza. Sisemi hivi ili ukusanye silaha. Ukungu wa ukutani ni mbaya kwa vifua vya watoto, na unyevu unaopanda ukiachwa unakula nyumba ya mama pia. Hata asipokupunguzia kitu, hilo linapaswa kutengenezwa.

Kuhusu kutishia kuhama, swali langu ni moja: je, uko tayari kuhama kweli? Kama ndiyo, hilo si tishio, ni taarifa, na unaweza kulisema kwa upole: “Mama, tukishindwa kupata namna, itatubidi tutafute nyumba ndogo, na hatutaki.” Kama siyo, usiseme. Mama akijibu “sawa, mwanangu, nendeni salama,” utafanya nini?

Kuna njia nyingi kati ya kodi ya sasa na kodi iliyopunguzwa, na pengine mama ataona moja ni rahisi kwake kuliko nyingine. Iliyo karibu zaidi na hali yako ni punguzo la muda, tuseme miezi sita, kisha mkae tena. Kazini wamekwambia ni kwa muda, kwa hiyo ombi la muda linaendana na ukweli wako, na yeye hatahisi ameshusha thamani ya nyumba yake milele. Hatari yake ni kwamba miezi sita ikifika na saa za kazi hazijarudi, utakuwa ulipo leo.

Angalia sana tofauti ya kupunguziwa na kuahirishiwa. Akisema “lipa nusu sasa, nyingine utanilipa mambo yakikaa sawa,” amekuonea huruma, lakini hujapunguziwa chochote. Deni linakua kila mwezi, na mwisho wake utadaiwa kodi kamili pamoja na malimbikizo, kwa mshahara ule ule. Wapangaji wengi hutoka kwenye kikao wakishukuru bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili wamepewa. Uliza palepale: “Hiyo inayobaki, mama, ni deni au umenisamehe?”

Unaweza pia kumpa kitu. Mkataba wa miaka miwili badala ya mmoja, kwa mtu aliyetoka kuumia na nyumba tupu, una thamani. Nawe unajifunga: mambo yakizidi kuwa mabaya hutaweza kuondoka kirahisi, isipokuwa mkataba una kipengele cha kutoa notisi. Wengine hulipa miezi kadhaa kwa mkupuo ili wapewe bei nafuu. Wewe unakopa, sioni utaitoa wapi, na fedha ya mbele ni ngumu kuidai pale nyumba inapobadilisha msimamizi. Wengine hutoa kazi: kupaka rangi, kusimamia mafundi, kuwa jicho la mama pale uani. Hili linaweza kukufaa wewe mwenye saa za ziada sasa, mradi mkubaliane mapema kazi ni ipi, vifaa ananunua nani, na inakatwa kiasi gani kwenye kodi. Bila hivyo utajikuta mtumishi wa nyumba unayoilipia. Kuna anayeomba amana yake itumike kama kodi ya mwezi mmoja. Inasaidia mara moja tu, na inamwacha mama bila kinga, kwa hiyo usishangae akiikataa. Na kuna jambo dogo ambalo linaweza kukupunguzia mikopo bila mama kupoteza chochote, nalo ni kuhamisha tarehe ya kulipa iwe baada ya mshahara wako kuingia, au kugawa kodi mara mbili kwa mwezi.

Ukishajua unaomba nini, usimvizie siku ya kumpelekea kodi, fedha zikiwa mkononi na mpangaji mwingine amesimama nyuma yako. Mwombe nafasi siku moja kabla, ili naye aje akiwa ametulia. Nenda mapema kuliko mwisho wa mkataba. Akihitaji wiki mbili za kufikiri, au kumshauri mtoto wake, awe nazo. Waweza kusema hivi, kwa maneno yako:

“Mama, nimekuja kukueleza hali yetu kabla haijaharibika. Kazini wamepunguza saa, mapato yetu yameshuka robo. Mpaka leo sijakucheleweshea, na sitaki kuanza. Tumepiga hesabu na mama watoto, tunaweza kulipa kiasi hiki bila kukopa. Tunaomba iwe hivyo kwa miezi sita kuanzia mkataba mpya, halafu tukae tena. Kama kuna namna nyingine unayoiona wewe, tupo tayari kuisikia.”

Kisha nyamaza. Hapa ndipo watu waoga kama wewe, na ninakuambia kwa upendo, hujiharibia. Kimya kinawatisha, wanaanza kujipunguzia ombi wenyewe kabla hawajajibiwa: “au hata kidogo tu, mama, au basi, usijali.” Mwache afikiri. Usimkumbushe usiku ule aliokaa na mwanao, wala usikumbushie mara ulizombebea mizigo. Mambo hayo yakishawekwa mezani pamoja na fedha hayarudi yalivyokuwa.

Anaweza kukupa pungufu ya ulichoomba. Una namba yako ya pili, utajua kama inatosha. Si lazima ujibu hapo hapo. Kumwambia “asante mama, niruhusu nikazungumze na mwenzangu” ni heshima kwake na kwa mke wako.

Akikubali lolote, liandikwe. Najua kwa mama kama huyu karatasi inaonekana kama kutomwamini, na huenda akasema “kwani sisi tumewahi kuandikishana?” Mweleze kwamba ni kwa ajili ya wote, ili hata asipokuwepo, anayeshika daftari ajue mlikubaliana nini. Yule mtoto wake hakuwepo mlipozungumza na hana sababu ya kuamini neno lako. Akikuta kwenye daftari miezi sita ya kodi pungufu bila maelezo, ataona mdaiwa. Ukurasa mmoja unatosha: kiasi kipya, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, kwamba tofauti imesamehewa na si deni, kwamba amana iko palepale, na sahihi za wote wawili. Na kila risiti iandikwe kiasi halisi ulicholipa na mwezi wake. Kama atapendelea mtoto wake awepo mkizungumza, usiogope. Inaweza kuwa ngumu zaidi kwako siku hiyo, ila utakuwa umezungumza na wote wenye uamuzi.

Linabaki la mke wako, la nyumba ndogo. Katika barua umelitaja kwa nusu sentensi, na nimejiuliza kwa nini. Huenda kwako kuhama kunaonekana kama kushindwa. Kwake pengine ni hesabu tu. Ipigeni pamoja. Chukueni gharama zote za kuhama: amana mpya, dalali, usafiri, nauli za shule kama mtakwenda mbali. Zigaweni kwa kiasi mtakachookoa kila mwezi. Kama kuhama kutawagharimu sawa na kodi ya miezi miwili ya hapa, na nyumba mpya ni nafuu kwa asilimia 20, itachukua miezi kumi kabla hamjaanza kufaidika. Saa za kazi zikirudi kabla ya hapo, mtakuwa mmehama kwa hasara. Zisiporudi, kila mwezi mnaokaa hapo mkikopa ni hasara pia. Hakuna anayejua lipi litatokea, na mimi siwezi kulijua kwa niaba yenu. Mambo mengine hayamo kwenye hesabu hiyo: mtoto anayekwenda shule kwa miguu, jirani mzuri, mama uani. Yana uzito wake, nanyi ndio wenye kuupima.

Ningependa mke wako aisome barua hii kabla hujaenda kwa mama, na kama itawezekana mwende wote wawili. Yule mama amemlelea mtoto usiku ule. Huenda mkeo atapata maneno ambayo mimi na wewe hatuyajui.

Mama Mshauri